Kachumbari ya Bure ni ya Nani?



Kijana mwenzangu, yapo maswali ya maadili ambayo tumeshazoea kuyajadili kwenye semina zetu: uchumba, pombe, kubeti, matumizi ya simu. Leo nataka tuongee kuhusu kitu kidogo mno, kidogo kiasi kwamba utacheka. Kachumbari. Ndiyo, ile kachumbari ya bure pale kwenye chipsi. Pamoja na tomato, pilipili, vipande vya ndimu, na vile vipakiti vya sosi vinavyokaa kwenye kisanduku pembeni ya kaunta katika migahawa ya kuku na baga.

Swali lenyewe ni hili: kitu kikishawekwa mezani kwa ajili ya wateja, bila bei, je, naruhusiwa kuchukua kiasi chochote ninachotaka? Nikijaza vipakiti kumi mfukoni nikaenda navyo hosteli, nimeiba au sijaiba?

Ukilitupa swali hili kwa vijana, haraka sana utapata makundi mawili. Kundi la kwanza: "Acha utani bwana, bure ni bure." Kundi la pili: "Huo ni wizi kama wizi mwingine, nenda kaungame." Mimi naona makundi yote mawili yanakimbilia jibu kabla ya kuuliza swali lililo chini yake, nalo ni: hicho cha bure ni cha nani?

Gharama ipo, ila hukuiona

Hakuna kachumbari iliyoota mezani. Nyanya zimelimwa Ilula au Lushoto, kitunguu kimetoka Ruaha Mbuyuni au Mang'ola, vimesafiri usiku kwenye lori, vimenunuliwa sokoni alfajiri, vikaoshwa, vikamenywa, vikakatwa na mtu ambaye macho yalikuwa yanamtoka machozi. Mvua zikizidi, nyanya zinaoza shambani, barabara zinaharibika, sado inapanda bei. Lakini sahani ya chipsi haiwezi kupanda bei kila wiki, mteja hataki kusikia hadithi hiyo. Kwa hiyo muuzaji anameza hasara kimyakimya. Ndiyo maana kuna misimu unakuta bakuli la kachumbari limejaa kabichi, nyanya unaitafuta kwa tochi.

Jamaa atasema: "Sawa, lakini si nimeshalipia? Gharama ya kachumbari imo ndani ya bei ya chipsi." Hapo ana hoja, tusimkatize. Ni kweli, muuzaji mwenye akili ameshapiga hesabu zake. Lakini amepiga hesabu ya mlaji wa kawaida. Bei ya sahani moja imebeba kachumbari ya sahani moja, na labda nyongeza kidogo ya upendo. Anayeondoka na kachumbari ya sahani tano amelipia moja tu. Zile nne zimelipwa na mtu mwingine. Ama ni muuzaji, ama ni yule mteja anayefika saa nne usiku ametoka kazini, akaambiwa, "Samahani kaka, kachumbari imeisha."

Na si kwetu tu. Huko Marekani, mwaka 2021, wakati wa korona, watu walikuwa wananunua chakula cha kuondoka nacho kuliko kukaa na kula mgahawani. Matokeo yake vipakiti vya kechapu vikaadimika, migahawa ikahangaika kuvitafuta, na kampuni ya Heinz ikalazimika kuongeza uzalishaji. Kitu ambacho kila mtu alikuwa anakichota bila kufikiri kikaonekana ghafla kwamba kina mwisho. Cha bure nacho huisha, na kinapoisha ndipo tunakumbuka kwamba kuna mtu alikuwa anakileta.

Sheria ya shamba la mizabibu

Sasa tufungue Biblia. Unaweza kudhani Maandiko Matakatifu hayana habari na mambo ya kachumbari. Soma kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mistari ya mwisho. Pale Musa anawapa Waisraeli sheria nzuri sana. Mtu akipita katika shamba la mizabibu la jirani yake, ana ruhusa kula zabibu mpaka ashibe. Lakini asitie hata moja kwenye chombo chake. Akipita katika shamba la nafaka, anaweza kukwanyua masuke kwa mkono. Lakini asiingize mundu.

Angalia hekima iliyomo. Sheria haikusema, "Usiguse, mali ya watu." Haikusema pia, "Jichukulie tu, Mungu ndiye aliyeotesha." Ilitofautisha njaa na tamaa kwa kuangalia kitu kimoja, chombo ulichokuja nacho. Mkono unabeba kinachotosha mdomo. Kikapu na mundu vinabeba kinachotosha ghala. Mkono unasema nina njaa. Kikapu kinasema nataka kumiliki.

Ndiyo sababu siku ile wanafunzi wa Yesu walipopita mashambani wakakwanyua masuke wakala, Mafarisayo waliwalaumu kwa habari ya Sabato. Hakuna aliyewaita wezi. Kila mtu alijua kwamba kula shambani kwa jirani ukiwa na njaa kunaruhusiwa.

Kwa hiyo, kijana, ukiwa umekaa pale na sahani yako, ukaongeza kachumbari mara ya pili kwa sababu chipsi bado zipo na kachumbari imeisha, kula kwa amani. Binya tomato. Kamulia ndimu. Hakuna haja ya kujitesa dhamiri na kuhesabu vipande vya kitunguu, wala kumsumbua padre kitubioni kwa kijiko cha pilipili. Uko shambani, unatumia mkono. Muuzaji mwenyewe anafurahi akiona chakula chake kimependwa.

Lakini unapotoa mfuko ulioandaliwa kutoka nyumbani, umeshabadilisha jina la tendo.

Kanisa linasemaje kuhusu kitu kidogo

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inaeleza wizi kuwa ni kujitwalia mali ya mwingine kinyume na matakwa ya haki ya mwenye mali. Shika hapo kwenye matakwa ya mwenyewe. Mwenye kibanda alipoweka lile bakuli hakukata tamaa na mali yake akaitupa barabarani. Aliiweka kwa nia fulani: anayekula hapa afurahie chakula chake. Nia hiyo ndiyo mpaka. Ndani ya nia yake umepewa. Nje ya nia yake unajitwalia, hata kama hakuna aliyekuona na hata kama hakuna bei iliyobandikwa.

"Lakini ni kitu kidogo!" Ni kweli, na Kanisa halipuuzi hilo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alilijadili jambo hili hili. Anafundisha kwamba vitu vidogo sana akili huvihesabu kama si kitu. Mwenye navyo hajioni ameumizwa, na anayechukua anaweza kudhani kwa haki kwamba mwenyewe asingekataa. Hivyo mtu wa namna hiyo anaweza kuepuka dhambi ya mauti. Lakini Mtakatifu Thoma hakuishia hapo. Anaongeza kwamba kama nia ya mtu ni kuiba na kumdhuru jirani, hata katika kitu kidogo hivyo panaweza kuwa na dhambi ya mauti.

Kwa maneno mengine, udogo wa kitu unapunguza uzito wa tendo, ila hausafishi nia. Unaweza kuchukua pakiti tatu ukiwa na moyo mweupe kabisa, na mwenzako akachukua hizo hizo tatu akiwa anachekelea moyoni, "Nimewaweza." Sosi ni ile ile. Mioyo ni miwili.

Na yule mwenye njaa kweli?

Tusijifanye hatumjui. Bumu limekata, mwezi una siku kumi mbele, mfukoni kuna hela ya chipsi kavu za bei ya chini kabisa. Mwanafunzi huyu anazifunika chipsi zake kwa kachumbari mpaka hazionekani, maana hiyo ndiyo mboga yake ya siku. Je, naye tumhukumu?

Hapana. Katekisimu hiyo hiyo inasema si wizi pale ridhaa ya mwenye mali inapoweza kudhaniwa kwa haki. Inakwenda mbali zaidi: katika shida ya wazi na ya haraka, ambapo mtu hana njia nyingine ya kupata chakula, malazi au mavazi ya lazima, kutumia mali ya mwingine si wizi. Sababu ni kwamba tangu mwanzo Mungu aliikabidhi dunia na mema yake kwa wanadamu wote. Hii ndiyo imani yetu. Mali binafsi ni haki, lakini imesimama juu ya haki pana zaidi.

Wenye vibanda wengi wanalijua hili bila kusoma Katekisimu. Utamsikia kaka wa chipsi anasema, "Dogo, ongeza tu kachumbari." Ameona. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini huyu anamjua.

Shida ni pale sisi tusio na njaa tunapojificha nyuma ya mwenye njaa. Una simu kali mkononi, umetoka kununua bando la wiki, halafu unasomba vipakiti kwa kisingizio cha "maisha magumu". Shida ya maskini si koti la kuazimana.

Siki ya Boazi

Kuna kisa kimoja katika Biblia ambacho naona kilifaa kusomwa kwenye kila meza ya chipsi. Kitabu cha Ruthu, sura ya 2. Ruthu ni mgeni, mjane, maskini, anaokota masalio ya shayiri katika shamba la Boazi. Saa ya kula ikafika. Boazi akamkaribisha asogee, ale mkate, na achovye tonge lake katika siki.

Umeona? Siki! Kiungo cha kuchovyea. Boazi angeweza kumpa mkate mkavu akaonekana bado ni mtu mwema. Lakini alimpa na kile kinachofanya chakula kiwe kitamu, maana alimwona Ruthu kama mgeni wa mezani, hakumwona kama tumbo la kujazwa tu. Ile nyongeza ya bure inasema, "Nimekuona wewe."

Na endelea kusoma. Ruthu alikula akashiba, akasaza. Kilichosalia akakibeba, akampelekea mama mkwe wake Naomi. Sasa utaniuliza, si alibeba? Si alitumia chombo? Ndiyo, alibeba. Lakini alibeba kilichokuwa kimeshawekwa mikononi mwake na mwenye shamba. Na hata kule kuokota masalio, alikuwa ameomba ruhusa kwanza kwa msimamizi wa wavunaji. Kabla ya kuinama, aliomba.

Hapo ndipo naona jibu la swali letu zima lilipo. Kati ya kujitwalia na kupewa kuna neno moja: naomba. "Dada, naomba nyongeza ya kachumbari, nampelekea mdogo wangu." "Kaka, naweza kuongeza pakiti mbili za kuondoka nazo?" Sosi ile ile, kiasi kile kile, lakini sasa ni zawadi. Umempa mwenzako nafasi ya kuwa mkarimu. Mchukuaji wa kimyakimya anamnyima mwenye mali vitu viwili: mali yake, na nafasi ya kutoa.

Tena ukipata aibu kuomba, jiulize kwa nini. Mara nyingi aibu ile inatuambia ukweli: tunajua kwamba kiasi tunachotaka hakiombeki.

Kutoka kachumbari mpaka shamba la bibi

Mwingine atasema: "Hapa siongelei mama wa kibandani, naongelea mgahawa mkubwa wa kampuni. Hawatafilisika kwa pakiti kumi zangu." Hawatafilisika, kweli. Lakini tangu lini amri ya saba ikaandikiwa maskini tu? Isitoshe, nyuma ya kaunta ya kampuni kubwa yupo kijana kama wewe, anayeulizwa kwa nini boksi la sosi lililotakiwa kumaliza wiki limeisha Jumatano. Hata kwenye vibanda, mara nyingi anayekaanga si mwenye mtaji. Usiku anapeleka hesabu kwa tajiri wake, na hesabu ikipungua, maelezo ni yake.

Pia tuitazame tabia, maana haba na haba hujaza kibaba. Sisi Watanzania tuna msemo wa "shamba la bibi". Tunausema tunapolalamika kwamba mali ya umma inachotwa na kila apitaye kana kwamba haina mwenyewe. Tunawasema viongozi, na ni haki kuwasema wanapokosea. Ila mtu haamki asubuhi moja akiwa fisadi wa mabilioni. Moyo unaoona bakuli la wote na kusema "halina mwenyewe, ngoja nijichotee" ni moyo ule ule, ila haujapewa ofisi. Bwana wetu alishatuambia kwamba uaminifu katika mambo madogo na uaminifu katika makubwa ni kitu kimoja. Hapa kwenye chipsi ndipo tunapofanyia mazoezi, ama ya uaminifu, ama ya lile lingine.

Usisahau pia upande wa upotevu. Wapo wasiobeba chochote nyumbani, lakini wanachota bakuli zima, wanaonja vijiko viwili, wanaliacha. Au wanaondoka na vipakiti vinavyoishia kwenye droo ya hosteli mpaka sisimizi wafanye semina humo. Waisraeli jangwani walipewa mana bure, pishi moja kwa kila mtu. Waliojilimbikizia mpaka asubuhi walikuta imeoza na ina mabuu. Naye Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kutupa chakula ni kama kukiiba kwenye meza ya maskini. Yesu mwenyewe, aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate tena kesho yake, aliagiza makombo yakusanywe. Mwenye uwezo wote hakutaka kitu kipotee.

Neno kwa wenye bakuli

Najua wapo VIWAWA wenzetu wanaosoma hapa ambao ndio wanaokaanga hizo chipsi. Nanyi mna sehemu yenu. Torati iliwaambia wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wawaachie maskini na wageni. Kachumbari yako ndiyo pembe ya shamba lako. Usiizimue tomato kwa maji mpaka imekuwa chai, wala usiwape watu kachumbari ya jana iliyochacha eti kwa sababu hawajailipia. Zawadi mbovu ni dharau. Kama mtaji umebana, weka kipimo: "Pakiti mbili kwa sahani, nyongeza inalipiwa." Kusema ukweli kuhusu kipimo chako si uchoyo. Na mteja Mkristo akikuta kipimo hicho, akiheshimu bila kununa.

Tunachopewa bure kuliko vyote

Nimeliacha la mwisho kwa makusudi. Sisi Wakatoliki tunaishi kwa vitu vya bure. Ubatizo hukuununua. Msamaha kitubioni hauna bei. Na Ekaristi Takatifu, nani angeweza kuilipia?

Tazama jinsi tunavyoipokea. Iwe kwa ulimi, iwe kwa mkono, hakuna mwamini anayejichukulia Komunyo mwenyewe. Tunasogea, tunasubiri zamu, tunapewa, tunajibu "Amina". Hata kama ni yako, hata kama Kristo ameitoa kwa ajili yako, bado unapokea kutoka mkononi mwa mwingine. Na mwenzako aliye nyuma yako kwenye mstari anapata Kristo yule yule, mzima.

Hapo ndipo Mungu anapotufundisha maana ya bure. Kitu cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe amekupenda. Ukijua hilo, utakula kwa furaha bila kuiba, utaomba bila aibu, utaacha kinachotosha kwa anayekuja nyuma yako. Ukilisahau, hata neema utaichota kama vipakiti: nyingi mfukoni, hakuna inayoliwa.

Kwa ajili ya tafakari ya wiki hii:

1. Ninapokuta kitu cha bure, je, swali langu la kwanza ni "nitapata kiasi gani" au "nani amekiweka hapa"?
2. Ni vitu gani vya wote, nyumbani, chuoni, kazini au parokiani, ambavyo nimezoea kuvitumia kama shamba la bibi?
3. Ni lini mara ya mwisho nilimwambia "asante" mtu aliyenipa nyongeza?

Tusali: Ee Bwana, wewe unatulisha bila kutudai. Utupe mkono unaopokea kwa shukrani, mdomo unaojua kuomba, na moyo unaomkumbuka anayekuja nyuma yetu. Utujalie fadhila ya kiasi katika madogo, ili tuwe waaminifu katika makubwa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Na jioni ya leo ukipita kwenye chipsi, furahia kachumbari yako. Ila kabla hujaondoka, mwambie kaka asante.